Kinachokuja Baada ya Z

Bashiru alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na mbele yake kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani. Chai ilikuwa imepoa zamani.

"Shikamoo, mzee Bashiru," alisema Inspekta Dorotea Ng'washi.

Askari wa mlangoni akaguna. Shikamoo kwa muuaji! Dorotea akamtazama mpaka akakumbuka ana kazi nyingine nje.

"Marahaba, mama."

"Hunywi chai?"

"Leo Alhamisi. Nimefunga."

"Hata humu ndani?"

"Kwani humu ndani Mungu ni mwingine?"

Dorotea akavuta kigoda. Kesho asubuhi mzee huyu angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua watu watatu. Kuua hakuna dhamana, na mwisho wake ni kamba. Jalada lilikuwa limeshafungwa na mkuu wa Dorotea, tena kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika andazi.

Na kwa kweli jalada lilipendeza. Jumatatu ya wiki iliyopita kulikuwa na msiba Kirumba, mzee Ojuok amefariki kwa uzee wake. Majirani wakapeleka walichonacho, kama ada ilivyo: huyu unga, huyu kuni, huyu sukari. Bashiru, mtunza ghala wa kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba kule Usagara, alipeleka debe la mafuta. Wanawake wakakaangia samaki. Alasiri watu wakaanza kutokwa na mate na kutetemeka, na kabla ya usiku kuingia walikuwa wamekufa watatu, mmoja wao Akinyi, binti wa marehemu. Mkemia wa Dar es Salaam akasema ndani ya debe kulikuwa na dawa ya wadudu, ileile inayotiwa kwenye mbegu za pamba za kupanda. Ufunguo wa ghala la mbegu anao Bashiru. Debe kaleta Bashiru. Na katika uwanja mzima wa msiba, waliokuwepo bila kuonja hata mwiba ni wawili: Bashiru na mkewe Mwaija.

"Jumatatu ile pia ulifunga?"

"Jumatatu na Alhamisi, mimi na mke wangu, miaka yote. Kirumba nzima inajua. Siku hizi wamesahau."

"Nieleze habari za magunia."

"Nimeshaeleza mara nyingi."

"Hujanieleza mimi."

Bashiru akashusha pumzi. Ghalani, alisema, kuna mbegu za aina mbili. Za kukamua mafuta, na za kupanda, ambazo zina dawa. Zamani kiwanda kikiwa cha shirika la umma, zenye dawa zilipakwa rangi nyekundu, hata mtoto angezijua gunia likifunguliwa. Kampuni ya Tunu iliponunua kiwanda ikasema rangi ni gharama. Sasa hata ukifungua gunia mbegu zimefanana, tofauti ni alama tu zilizopigwa mhuri ubavuni.

"Na wewe unajua maana ya hizo alama?"

"Haturuhusiwi. Tangu enzi za shirika mtunza ghala haambiwi. Walisema tukijua mbegu ya kupanda ni ipi, tutaiba tuwauzie wakulima. Karatasi ya kompyuta inasema toa gunia hili na hili, peleka kinuni. Unapeleka."

"Hubishi?"

"Nibishane na mashine? Ile ya zamani haikukosea hata siku moja."

"Na hii mpya?"

Bashiru akajisugua magoti. "Wiki ile kabla ya msiba karatasi ilinitajia magunia yanayoanza na saba. Mama, tangu nianze kazi, gunia la kinuni huanza na herufi. Sijawahi kupeleka linaloanza na namba. Nikapeleka, maana karatasi imesema. Lakini roho haikutulia. Alhamisi nikamfuata meneja Chenge, nikamuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema mashine mpya, mambo mapya. Ila uso ulimbadilika."

"Mbona hili halimo kwenye maelezo yako?"

"Nililisema. Aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini."

Dorotea alitoka amekasirika, na hasira yake ni ya kutembea haraka. Kaunta askari wa zamu alikuwa anabishana na mpishi wa mesi nani abebe madebe mawili mapya hadi jikoni. Aliwapita bila salamu. Akili yake ilikuwa imeshafika Usagara.

*

Meneja Antoni Chenge alikuwa amevaa suti nyeusi na viatu vinavyong'aa. Alikuwa kijana bado, msemaji mzuri, mtu ambaye hata akikukatalia unamshukuru.

"Utanisamehe, Inspekta, nina dakika chache. Maiti wanaagwa leo Kirumba, halafu wanasafirishwa kwao Rorya. Kampuni imetoa lori, na mafuta ya kuwapikia waombolezaji."

"Mafuta ya hapa?"

"Kwa nini yasiwe ya hapa? Mkuu wako mwenyewe amesema kiwanda hakina tatizo, tatizo ni mtu mmoja. Tulifungiwa siku ya pili ya msiba, halijatoka hata tone. Jana tumeruhusiwa. Tumeona tuanze kwa kutoa, huku na huku, watu wapate imani."

Mhudumu wa ofisi, dada mmoja mnene mchangamfu aitwaye Raya, akaingia na chai na sahani ya sambusa. Chenge akaisogeza sahani upande wa Dorotea.

"Wewe huli?"

"Vya kukaanga vimenishinda. Tumbo." Akatabasamu.

Dorotea naye hakugusa. Nyuma ya kioo, chumba cha pili, aliona makabati ya chuma yaliyopangwa kama friji za bucha, yamejaa vumbi. Ndiyo mashine kubwa ya shirika, kompyuta ya zamani iliyoletwa miaka ya sabini kwa meli na treni. Mezani kwa Chenge kulikuwa na kompyuta ndogo, nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Ile inauzwa?"

"Chuma chakavu. Wanunuzi wanakuja kuibeba." Sauti yake ilipata joto. "Unajua waliniambia kuhamisha programu za ile mashine kuja huku kutachukua mwaka? Nilitumia mwezi. Neno kwa neno, Inspekta. Sikugusa hata nukta."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye. Niguse ya nini?"

"Bashiru aliwahi kukuuliza habari za magunia yanayoanza na saba?"

"Bashiru?" Chenge akatazama saa. "Bashiru anajua nini kuhusu kompyuta?"

"Sijataja kompyuta. Nimetaja magunia."

Chenge akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kutoka juu. Alisema lori linamsubiri.

*

"Mmekuja kunirudishia kazi au kunikamata?"

Wilhelmina Otuoma alisema hivyo huku amesimama katikati ya kuku wake, Buswelu, na ndoo ya pumba mkononi. Shirika lilimsomesha ng'ambo miaka mitatu. Programu zote za kiwanda aliziandika yeye. Kampuni ilipoingia, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupunguzwa, na hakuwa amemsamehe mtu yeyote, kuanzia serikali mpaka mlinzi wa geti.

"Tumekuja kuuliza," alisema Dorotea. "Gunia likianza na saba, maana yake nini?"

"Maana yake usile."

Koplo Muhidin, dereva wa Dorotea, akacheka. Alipoona si mzaha akanyamaza.

"Alama ikianza na herufi," Wilhelmina akaendelea, "ni kijiji pamba ilikotoka. U ni Usagara, na kadhalika. Hiyo ni ya mafuta. Ikianza na namba, ni mbegu ya kupanda, imeshatiwa dawa. Utaratibu niliukuta."

"Na programu yako ilizitenganishaje?"

"Kwa mstari mmoja tu. Chochote kinachokuja baada ya Z, kisiende kinuni."

"Baada ya Z kuna nini?"

"Kwenye mashine yangu, namba." Aliweka ndoo chini. Ilionekana wazi hakuna aliyemuuliza jambo la maana siku nyingi. "Sikiliza. Kompyuta haijui herufi. Kila herufi na kila namba imepewa nafasi yake, kama watu wanavyopewa vikadi vya foleni pale zahanati. Waliotengeneza mashine kubwa waliziweka herufi mbele. Namba, sifuri mpaka tisa, zikakaa nyuma ya Z, mwisho wa foleni. Waliotengeneza kompyuta ndogo walikuwa watu wengine, wakagawa vikadi kivyao. Kule namba ziko mbele, kabla ya A."

"Kwa hiyo kwenye ndogo," alisema Muhidin taratibu, "gunia la nyuma ya Z ni lipi?"

"Hakuna."

Kuku mmoja alipanda kwenye kiatu cha Dorotea na hakufukuzwa.

"Aliihamisha neno kwa neno," alisema Dorotea. "Amejisifu mbele yangu."

Wilhelmina alivua miwani. "Basi mbegu zote zilikwenda kinuni. Zenye dawa na zisizo na dawa. Yesu na Maria!"

"Kwa hiyo ulikosea, mama?" Muhidin aliuliza.

"Nikosee mimi? Kwenye mashine yangu mstari ule ulikuwa kweli tangu ninyi mkiwa shule! Yeye ndiye aliyeuhamishia ugenini bila kuuliza kule foleni wanaipangaje." Alikuwa ameshaanza kufungua kanga ya kazi. "Nisubirini nibadili nguo."

*

Waliporudi Usagara na hati ya upekuzi, Chenge alikuwa ameshaondoka. Raya aliwafungulia ofisi huku akirudia kwamba yeye hahusiki, yeye ni wa chai tu.

Wilhelmina alivuta kiti, akaondoa kitambaa, akawasha. Alifungua programu ya ghala kwa vidole vilivyozoea, akaandika alama ya gunia inayoanza na saba.

"Tazameni," alisema. "Itasema kinuni."

Kioo kikajibu: KUPANDA.

Akaandika nyingine, inayoanza na nne. KUPANDA. Akaandika ya Usagara yenye herufi. KINUNI. Kila gunia lilikwenda linakopaswa kwenda.

"Haiwezekani," alisema Wilhelmina.

"Mashine haina kosa, afande," alisema Muhidin, na ilimuuma kusema.

Tangu Buswelu Dorotea alikuwa amejiona akifungua mlango wa mahabusu, akimwambia yule mzee chukua viatu vyako nenda nyumbani. Sasa alichokuwa nacho ni mwanamke aliyefukuzwa kazi mwenye kinyongo, na mtuhumiwa anayesingizia karatasi. Mkuu wake angecheka mpaka chai imwagike. Na kesho asubuhi ingefika.

Alikaa pembeni ya meza. Alitazama yale makabati yenye vumbi nyuma ya kioo.

"Mama Wilhelmina. Kama kweli aliihamisha bila kugusa, lazima ingekosea?"

"Lazima."

"Hakuna njia nyingine?"

"Nimekwambia lazima. Labda niape."

"Na haikosei." Dorotea akasimama. "Basi ameigusa. Hii mashine ilikuwa mgonjwa, na kuna mtu ameitibu. Nionyeshe ule mstari wako."

Wilhelmina alifungua maandishi ya programu yenyewe, akashuka nayo chini, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza. Akasimama. Akaweka kidole juu ya kioo.

"Huu si mkono wangu. Mimi niliandika 'baada ya Z'. Hapa pameandikwa 'kabla ya A'." Alimgeukia Dorotea. "Alijua. Aligundua foleni imegeuzwa, naye akageuza mstari."

"Lini?"

"Hizi kompyuta ndogo zina umbea. Ukigusa kitu zinaandika tarehe." Alibonyeza. "Lakini kwanza tuhakikishe saa yake haidanganyi. Koplo, leo ngapi?"

Muhidin alisoma tarehe kwenye gazeti lililokuwa juu ya kabati, kisha saa ya mkononi. Vilikubaliana na kompyuta. Wilhelmina akasoma tarehe ya programu kwa sauti: "Septemba sita, jioni."

"Sita ilikuwa Ijumaa," alisema Dorotea. "Msiba ulikuwa Jumatatu, tarehe tisa."

Sasa yote yalikaa sawa, na kukaa sawa kwake kulitisha. Alhamisi Bashiru anamwuliza meneja wake kwa nini gunia la saba limekwenda kinuni. Ijumaa, wafanyakazi wakiwa wameondoka, meneja anaketi hapa na kuutengeneza mstari. Hamwambii mtu, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba ule mwezi mmoja aliojisifia ulikuwa na sumu ndani yake. Jumatatu watu wanakula. Jumanne polisi wanakuja, naye anawaelekeza kwa yule mzee aliyemwonya.

"Ametibu mashine," alisema Dorotea. "Mafuta ameyaacha."

"Ndiyo maana!" Raya alisema mlangoni, kisha akaziba mdomo.

"Ndiyo maana nini, dada?"

"Bosi alikuwa anapenda sambusa zangu jamani! Kila siku tatu, nne. Nazikaanga kwa mafuta ya hapahapa. Jumamosi ile, hata msiba haujatokea, akaniambia nisimletee tena kitu cha kukaanga. Nikasema basi, kapata mchumba anayempikia."

"Mafuta yaliyokamuliwa wiki ile yako wapi?"

"Tangi la pili. Bashiru ndiye alikuwa wa kwanza kuchota, aliomba mgao wake mapema kwa ajili ya msiba. Halafu mkatufungia." Raya akahesabu jambo kichwani, na uchangamfu wote ukamtoka. "Na asubuhi hii. Madebe ya Kirumba yametoka humo."

Muhidin alikuwa ameshakimbilia gari.

*

Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wa nyumba ya mzee Ojuok hadi kwenye nguzo ya umeme. Majeneza matatu yalikuwa chini yake, na watu wamejaa mpaka njiani. Upande wa jiko wanawake walikuwa wanaepua sato kwenye karai. Harufu ilikuwa nzuri. Sahani zilikuwa zimeshagawiwa, watu wameshanawa, na katekista alikuwa amesimama, macho amefumba, anabariki chakula. Nje ya uzio, peke yake juu ya jiwe, alikuwa amekaa Mwaija, mke wa Bashiru. Hakuna aliyemruhusu kuingia hata kuosha vyombo.

"Amina," umati uliitikia.

"Mtu asile!" Dorotea alipiga kelele mpaka koo likamkwaruza. "Polisi! Mtu asiguse hicho chakula! Wekeni chini!"

Mikono ilibaki hewani. Mtoto mmoja akaanza kulia. Muhidin aliruka benchi, akaenda kusimama mbele ya karai.

Chenge alikuwa meza ya mbele, na suti yake, sahani ya samaki mbele yake. Dorotea alimfuata.

"Meneja, msiba ni wa watu hawa, mafuta ni yako. Tuonyeshe njia. Kula."

"Inspekta, hapa si mahali pake."

"Kipande kimoja tu. Ukila wewe, wote wale."

"Nina tumbo. Nilikwambia."

Mama Agutu, mjane wa Ojuok na mama wa Akinyi, alinyanyuka kwenye mkeka polepole. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnyooshea Bashiru kidole. Alikuja mpaka mezani, akamega samaki kwa mkono wake, akamnyooshea Chenge karibu na mdomo, kama anavyolishwa mtoto.

"Kula, mwanangu," alisema. "Umetuletea wewe."

Chenge alirudisha kichwa nyuma. Kiti kikaanguka.

"Nilidhani yatachanganyika," alisema. "Tangi ni kubwa. Nilidhani yatachanganyika tu na mengine."

Minong'ono ilianza nyuma, ikapanda. Dorotea alimshika mkono kabla umati haujamshika, akamvuta hadi kwenye Landrover. Mwaija alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, mikono kifuani, hajathubutu kuamini. Dorotea alitaka kumwambia neno, ila Muhidin alikuwa anakuja mbio kutoka jikoni.

"Yote nimeyazuia, afande. Lakini madebe ni manane. Hati ya lori inasema walipakia kumi."

"Mengine mawili yako wapi?" Dorotea alimwuliza Chenge.

Chenge alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza, mengine mawili umempa nani?"

Na kabla Chenge hajajibu, Dorotea alikumbuka. Kaunta asubuhi. Askari na mpishi wa mesi, wakibishana nani abebe. Huku na huku, alisema Chenge, watu wapate imani.

Alirukia kiti cha mbele cha gari, akanyakua redio. Ilikoroma. Aliita kituo mara ya kwanza, kimya. Akaita tena. Jua lilikuwa utosini, saa ya mesi.

"Kituo, pokea! Msile chakula cha mesi! Narudia, msile!"

Redio ikakwaruza, kisha sauti ya askari wa zamu ikaja, nzito na ya raha, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Umechelewa, afande, tumeshamaliza! Maharage ya leo yalikuwa na mafuta mpaka kidevuni. Tumekuwekea yako." Alicheka kidogo. "Hata mahabusu tumewagawia. Ila yule muuaji wako kakataa. Kituo kizima, ni yeye peke yake hakula."